Vidonge vya Kwenye Kopo

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Dar es Salaam
9 Machi 1980

Dada yangu Euphrasia,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Mektilda, wewe unayemsomea mama barua hii, soma polepole, asije akasema mjomba wako ameandika kwa haraka kama anayekimbia mvua.

Huku tunapumua. Wifi yako Winifrida anakusalimu sana. Mguu wake umepona, sasa anaweza kusimama foleni ya sabuni tangu asubuhi, akarudi na mche mmoja na habari za mtaa mzima. Duka langu linakwenda kwa kusuasua. Spea za baiskeli zinakuja kwa mgawo: wiki hii minyororo bila matairi, wiki ijayo matairi bila minyororo. Mteja anatoka Magomeni kwa miguu, akiisukuma baiskeli yake, anarudi hivyo hivyo. Lakini tunakula, na watoto wanakwenda shule.

Sasa nije kwenye dawa ya kifafa ya Mektilda. Kikasha cha kijani nimekipata, vidonge mia moja, kimoja kila jioni, kama kawaida. Ila dada, bei si ile tena. Mwaka jana nilinunua kwa shilingi arobaini na tano, juu ya kaunta, na risiti nikapewa. Mara hii ni mia na kumi, na kimetoka chini ya kaunta kikiwa kimeviringishwa kwenye gazeti. Tangu vita viishe, vitu vya nje haviingii. Mimi nitatoa nusu, wewe utoe nusu, tutafika.

Najua utafikiria zahanati. Nilikwambia mwaka juzi na leo narudia: usirudi kule. Vidonge vinavyochotwa kwa kijiko kwenye kopo na kufungwa kwenye kipande cha karatasi, bila jina, bila kikasha, tena bure, hiyo ni chaki. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto wa dada yangu hatakula chaki mimi nikiwa hai hapa mjini.

Kifurushi nimempa Polycarp, yule kondakta wa basi la Moshi. Mwulize kabla hajaenda kilabuni.

Mdogo wako asiyekusahau,
Melkiori


Kibosho
30 Machi 1980

Mdogo wangu Melkiori,

Marahaba, na milele amina. Mektilda anaandika, mimi nasema huku nachambua maharage, kwa hiyo ukikuta sentensi imekatika ujue nimekutana na jiwe.

Sisi wazima. Ndizi zimezaa, kahawa imeshika maua, na jirani yetu Severa ameolewa tena, mara ya tatu, na safari hii kwa mtu mwenye meno yote. Mimi naenda kisomo cha ngumbaru Jumanne na Alhamisi. Nimeshafika kwenye "baba analima." Mwalimu ni kijana wa juzi, nilimbeba mgongoni mwenyewe, leo ananiambia "wewe mwanafunzi, kaa kimya." Nakaa kimya.

Mektilda yuko darasa la saba. Mtihani mwezi wa kumi. Mwalimu mkuu amesema, mbele ya wazazi, kwamba huyu akikosa sekondari basi hakuna atakayepata. Tangu aanze dawa ya kikasha hajaanguka hata mara moja, miezi kumi na tano sasa. Mungu akubariki.

Dawa imefika. Hizo hapo shilingi hamsini na tano, Polycarp anazo pamoja na mkungu wa ndizi. Usiulize zimetoka wapi, za kwako mwenyewe nani anauliza?

Pantaleo, mganga wa zahanati, alinikamata baada ya misa. Anasema mbona hatufiki, vidonge vya mtoto vipo. Nikamwambia mwanangu analetewa dawa ya Dar. Nilisema kwa sauti ili na wengine wasikie. Akacheka kidogo, akasema "haya, mama." Kicheko chake sikukipenda.

Dada yako,
Euphrasia

Mjomba, shikamoo. Hapa naandika mimi Mektilda. Mama ametoka kufukuza kuku, na mwandiko wangu wa haraka bado hawezi kuusoma. Hela zimetoka kwa ng'ombe wetu mtamba. Amemuuza mnadani ili dawa za mwaka mzima zipatikane. Nina swali. Mtu akinywa dawa hii leo, kesho asinywe, keshokutwa anywe, kuna kitu kitaharibika? Naomba uwaulize wanaojua.


Dar es Salaam
20 Juni 1980

Dada Euphrasia,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika, unisamehe. Mambo yalikuwa mengi, mara mgawo, mara kodi ya fremu ya duka, mara Winifrida kaugua malaria. Sasa ni mzima na anafoka kama zamani.

Kikasha hiki hapa. Nimekipata kwa mia na arobaini. Safari hii usitume kitu, nimelipa chote. Tena kama una mpango wa kuuza mfugo wowote, acha. Nakuomba.

Hongera kwa kisomo. Mektilda asome kwa bidii. Lile swali lake sijapata mtu wa kunijibu vizuri, bado nauliza.

Sina mengi.

Melkiori


Kibosho
13 Julai 1980

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi mpaka Mektilda akageuza karatasi kuangalia upande wa pili. Wewe, ambaye ukieleza habari ya sindano unaanzia kwa aliyechimba chuma! Una nini? Na tangu lini unakataa hela? Nikiona Mchaga wa Kariakoo anakataa hela naanza kutafuta rozari. Umeuza nini ili ulipe? Ni mke amekununia, au ni duka limeyumba? Niambie, mimi ndiye niliyekufuta kamasi.

Sabini hizo hapo, nusu yangu. Nimezituma na usizirudishe. Mtoto ni wangu kabla hajawa wako.

Pantaleo amepanda mpaka kwangu, hapa hapa kihambani, ndani ya migomba, na jua lile. Eti "mama, ni kitu kile kile." Nikamwambia, baba, wewe uko huku na nzi wako, mdogo wangu yuko Kariakoo ambako kila kitu kinashukia, nani anajua zaidi? Akaomba maji, akanywa, akaondoka. Kidogo nimwonee huruma.

Mektilda amekuwa wa kwanza katika mtihani wa majaribio wa tarafa. Wa kwanza, Melkiori! Baba yake angekuwa hai angelewa wiki nzima.

Euphrasia

Mjomba, swali langu hukulijibu. Mwalimu wetu anasema anayenyamaza amekubali. Basi nimechukulia hakuna kitakachoharibika. M.


Dar es Salaam
2 Septemba 1980

Dada Euphrasia,

Shikamoo. Winifrida na watoto wanakusalimu. Hela zako nilipata, na ndizi pia, tulikula na majirani.

Mektilda, swali lako: hapana. Dawa ni ya kila jioni, bila kuruka hata siku moja. Ningekujibu mapema, nisamehe.

Dada, habari si nzuri. Vikasha vya kijani vimekwisha mjini. Nimezunguka Kariakoo yote, nikashuka mtaa wa Gerezani kwa jamaa mmoja mwenye njia zake za bandarini, nikapanda Ilala. Wanasema labda meli ya Desemba. Nitaendelea kutafuta. Vuteni subira kidogo.

Nilikuwa na jambo jingine la kusema, litasubiri.

Melkiori


Kibosho
12 Oktoba 1980

Melkiori.

Naandika mimi. Mkono huu ni wangu.

Mektilda ameanguka Jumamosi iliyopita. Mimi nilikuwa mferejini nachota maji. Yeye alikuwa jikoni anapika mtori. Mkono wa kulia umeingia katika moto. Alikaa hapo. Mimi sikusikia.

Yuko hospitali. Anasema. Anakula kidogo.

Mtihani ulikuwa Jumatano. Umepita.

Usitume kikasha. Usije mpaka nikuite.

Euphrasia


Dar es Salaam
26 Oktoba 1980

Dada yangu,

Shikamoo. Sina salamu nyingine za kutanguliza. Winifrida anajua ninachoandika, ameniwekea karatasi mezani, akakaa mlangoni nisitoke.

Barua yako niliipokea dukani. Niliiona bahasha, nikaona mwandiko, nikafurahi. Nilimwambia mteja, "Ona, dada yangu anaandika mwenyewe!" Ndipo nikaifungua.

Dada, ninajua kitu tangu Aprili.

Mektilda aliponiuliza lile swali mwezi wa tatu, nilikwenda kwenye duka la dawa ninakonunua. Anayehudumia pale ni binti mmoja anaitwa Sabaha, aliyesomea kazi hiyo. Nikamwuliza mtu akiruka siku inakuwaje. Akashtuka. Akasema dawa ya kifafa hairukwi hata siku moja, anayeruka anaweza kuanguka vibaya kuliko asiyewahi kuinywa. Akaniuliza kwa nini mtoto aruke. Nikasema labda ni bei.

"Bei? Kaka, kwani huko kwenu zahanati hakuna?"

"Ipo, lakini wanatoa vya kwenye kopo."

Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Aliingia nyuma, akatoka na kopo kubwa la bati, akaliweka kwenye kaunta pembeni ya kikasha changu. "Soma hapa," akasema. Nikasoma kwenye kopo: fenobabitoni. "Sasa soma na hapa." Kwenye kikasha, chini ya lile jina kubwa la rangi, kwa herufi ndogo ambazo kwa mwaka mzima sikuwahi kuinama kuzisoma: fenobabitoni. Uzito ule ule. Akanimwagia kidonge kimoja cha huku na kimoja cha kule kiganjani. Akasema kopo hilo lina vidonge elfu moja, na bei yake haifiki ya kikasha changu kimoja cha vidonge mia.

"Sasa mimi nalipia nini?"

"Unalipia jina la kampuni. Na kikasha. Na hiyo karatasi ya ndani iliyokunjwakunjwa, ambayo najua hujaisoma."

Dada, kinachonichoma ni hiki. Mimi nauza minyororo ya baiskeli. Inakuja kwenye kreti moja, kutoka kiwanda kimoja. Nusu naiacha hivi hivi na mafuta yake, nusu naitia kwenye maboksi yenye picha ya simba ambayo nanunua kwa fundi wa kadibodi. Ya simba nauza kwa bei ya juu, na watu wanaigombania. Nimeifanya kazi hiyo miaka minane. Kuliko watu wote wa Dar es Salaam, mimi ndiye nilipaswa kujua.

Nikarudi nyumbani nikuandikie. Niliandika, dada, Mungu ni shahidi yangu, niliandika "rudi kwa Pantaleo, nilikosea." Nikafika hapo nikakumbuka mtamba. Nikasema, ameshamuuza. Nikimwambia leo, ni kumwambia mnyama wake ameenda bure kwa sababu ya kiburi changu. Na Mektilda ndiye atakayeisoma kwa sauti. Nikasema ngoja kwanza nilipe mimi vikasha viwili vitatu, nikuridhishe, halafu nitakwambia taratibu. Nikaichana. Kwa kuwa sikutaka kutaja duka la Sabaha, na jibu la swali la mtoto nikaliacha humo humo.

Mwezi wa tisa vikasha vilipokwisha, kopo la Sabaha lilikuwepo. Nilikuwa nazungukia Mtaa wa Nyamwezi ili nisipite mbele ya duka lake. Nilikuandikia "vuteni subira," wakati dawa iko zahanati kwenu, mwendo wa nusu saa, bure. Nilikuwa nataka kikasha kije kinifiche.

Sikuiba hela yako, lakini sioni kama kuna tofauti. Nitanunua mtamba mwingine. Nitalipa hospitali. Niambie nije, nije kwa miguu. Nitukane, lakini niandikie.

Melkiori


Kibosho
30 Novemba 1980

Melkiori,

Barua hii imenichukua siku nne. Mwalimu wa ngumbaru alitaka kunisaidia, nikakataa. Yako nilimpa yeye anisomee, kijana wa watu, akafika katikati akaacha kusoma, nikamwambia endelea.

Nimekasirika. Naliandika hilo kwanza kwa sababu ndilo la kweli. Siku tatu nilikuwa nikikutukana kwa sauti mpaka Severa akaja kuuliza ninagombana na nani. Mimi nimekulea. Neno lako nililiweka juu ya neno la mganga aliyepanda mlima kwa miguu kuja kuniambia, na wewe ulikuwa unajua, na ulinyamaza.

Sasa langu. Kuna kitu na mimi nilikuwa sisemi. Pantaleo aliposema ni kitu kile kile, moyo wangu ulishtuka. Ulishtuka, Melkiori. Nilifikiri, huyu mtu hana anachouza, kwa nini anidanganye? Lakini kila Jumapili pale kanisani wanawake walikuwa wananiuliza, "Ya Dar imefika?" na mimi nilikuwa napenda kuulizwa. Mjane ana vitu vichache vya kuulizwa. Usidhani lawama hii unaibeba peke yako, kiburi chako kilipata mwenzake huku.

Mektilda ametoka hospitali. Vidole viwili vimejikunja na havitakunjuka. Vingine daktari anasema tuone. Anashika kikombe. Kalamu bado. Mwalimu mkuu alikwenda mpaka wilayani kuuliza habari ya mtihani, wakamwambia hauna marudio.

Nilipokuwa natandika kitanda chake nilikuta soksi ya shule chini ya godoro. Ndani yake vidonge arobaini na viwili, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari, na juu ameandika: Akiba, siku mjomba akikosa.

Alikuwa anaruka tangu mwezi wa tatu. Mimi nilimwachia dawa mwenyewe, nikasema ni msichana mkubwa. Barua zako zote amenisomea yeye. Arobaini na tano, mia na kumi, mia na arobaini, kila bei ameitamka kwa mdomo wake mwenyewe akijua ni ya kwake. Zangu zote ameandika yeye, na mtamba alimpeleka mnadani pamoja nami, yeye ndiye aliyeshika kamba. Halafu ikaja ile ya Septemba. Ulimwambia anywe kila siku, na mstari wa chini ukamwambia hakuna nyingine. Mtoto angefanya nini? Ndipo akabana zaidi.

Sasa anatumia vya kopo. Nilishuka zahanati mwenyewe. Pantaleo hakusema "nilikwambia." Alihesabu thelathini kwa kijiko, akafunga kwenye karatasi, akaniambia mama, vikiisha njoo, na visipokwisha njoo tu. Nililia pale pale mbele ya watu wenye vikohozi vyao.

Mtamba usinunue. Hospitali ilikuwa ya misheni, nimewapa ndizi na kahawa, wameridhika. Minyororo ya simba sijui utaifanya nini, hiyo ni kati yako na wateja wako na padri.

Nimekuita sasa. Njoo kabla ya Noeli. Usilete sukari, usilete kanga. Nikuambie kwa nini nakuita, kwa sababu mimi nimejaribu na nimeshindwa.

Jioni ile ya kwanza nilipompa kidonge cha kopo, alikigeuzageuza kwa mkono wa kushoto. Akaniuliza, "Mama, hizi ni bei gani?" Nikamwambia ni bure. Hakukinywa. Akaniuliza, "Tangu lini?"

Bado anasubiri jibu. Nimemwambia mjomba anakuja kumjibu.

Euphrasia